Mgeni kwenye Masafa ya Ndege

Kila asubuhi saa moja na nusu Christella alikuwa akichemsha mayai mawili ndani ya birika la ofisi ya ukaguzi wa masafa, moja lake na moja la dereva wake Patou, kisha anakaa mbele ya mashine ya mawimbi na kuzihesabu redio za Bunia kabla chai haijapoa. Redio zenye kibali zilikuwa kumi na moja. Kwenye kioo cha mashine kila redio ilionekana kama kilima chembamba cha kijani kilichosimama mahali pake, na kati ya kilima na kilima palikuwa na bonde tupu. Kwa kila kilima aliweka alama moja daftarini, na alama kumi na moja zilipotimia alimenya yai.

Nyuma yake, ukutani, ilibandikwa karatasi ndefu ya mpango wa taifa wa masafa. Ilikuwa na rangi nyingi. Kushoto palikuwa pa meli, mbele yake pa redio za watu, mara baada ya redio ukanda mwembamba mwekundu wa ndege, halafu polisi, simu, satelaiti. Kitu kisichoshikika wala kuonekana kilikuwa kimegawanywa toka Moanda mpaka Mahagi, kama chifu anavyogawa mashamba, na hata Waganda ng'ambo ya ziwa walijua mpaka wao unaishia wapi. Patou alikuwa na miaka hamsini na mitatu na hakumheshimu mtu yeyote barabarani, lakini alipopita mbele ya karatasi ile alipunguza sauti.

Jumatano ile, saa mbili na dakika tano, yai likiwa nusu limemenywa, simu ililia. Alikuwa Katsuva, mwongoza ndege wa kiwanja.

"Christella, uko mbele ya mashine?"

"Niko."

"Fungua 118,4. Fungua sasa."

Hiyo ilikuwa njia ambayo Katsuva alizungumzia na marubani. Haikutakiwa kuwa na sauti nyingine yoyote. Christella aliizungusha mashine mpaka kwenye ukanda mwekundu, na pale palipopaswa kuwa bonde alikuta kilima. Akaongeza sauti. Kwaya ilikuwa ikiimba kwa mbali, kama watu walio chini ya maji, na juu ya kwaya mwanamke alikuwa akisoma majina ya watu, moja baada ya jingine, bila haraka.

"Rubani amenisikia nusu," Katsuva alisema. "Nusu ingine amesikia hiyo misa. Amegeuza, anarudi Entebbe na dawa zote za hospitali."

"Imeanza lini?"

"Juzi, saa mbili hivi. Jana tena. Nilifikiri redio yangu iko nagonjwa." Alishusha sauti. "Kinshasa wameandika sasa hii, kwa simu. Kesho saa mbili na robo ndege inajaribu mara ya mwisho. Kama huyu mutu iko bado ndani, weye unafunga redio zote kumi na moja mpaka umupate. Barua iko na jina yako."

Christella alihakikisha kwamba mashine bado inarekodi masafa yote, kama ilivyofanya tangu alfajiri, na kwamba ile ndogo ya mkononi inapokea rekodi hiyo. Kambi zote za waliokimbia vita zilizozunguka mji zilikuwa na redio tu ya kuwaambia barabara ipi imefunguliwa na nani amepatikana mzima.

"Patou, gari."

*

Antena ya mkono ilifanana na mfupa wa samaki. Christella alisimama nayo uani, akaizungusha polepole, akasimama pale sauti ilipokuwa kubwa kuliko pote. Alichora mstari kwenye ramani. Kwenye daraja la Shari alifanya vilevile huku pikipiki zikimpigia honi, akachora mstari wa pili. Walikuwa njiani kuelekea mahali pa tatu majina yalipokwisha.

"Simama," alimwambia Patou.

Patou alizima injini. Mwanamke alikuwa amenyamaza. Kwaya iliendelea peke yake. Christella alitazama saa yake. Sekunde ya kumi na moja ilipopita, kilima chote kilizimika mara moja, kama taa. Ilikuwa saa mbili na nusu kamili.

"Ile kwaya ni ya Redio Kengele," alisema. "Ninaisikia kila siku. Yule mama ni wa Redio Tuonane, anasoma majina ya watu waliopotezana. Kengele iko 92,0. Tuonane iko 105,2. Kila mmoja yuko shambani kwake. Nani anawachukua wote wawili na kuwapeleka kwa ndege?"

Patou alikuwa ameinamia ramani. Mistari miwili ilikutana chini ya kilima cha kweli, nyuma ya mtaa wa Mudzipela.

"Hapa iko kanisa ya nabii Orly," alisema. "Iko naiba vipindi vya redio za wengine, anaweka katikati mahubiri yake. Ule hata Mungu hajamupa kibali."

Nabii Orly aliwapokea mlangoni mwa kanisa la mbao akiwa amevaa suti ya zambarau na kandambili. Alikuwa kijana mnene, mwepesi wa tabasamu.

"Mama inspekta. Umekuja kuombewa?"

"Nimekuja kuona mtambo wako."

"Mutambo gani?"

"Ule ulioniambia mwaka jana kwamba umeuuza."

Orly aliangalia kandambili zake. "Niliuzaka nusu."

Mtambo ulikuwa nyuma ya madhabahu, chini ya pazia. Christella alifunua. Kuku mwekundu alikuwa amelala juu yake, akamtazama kwa jicho moja, hakuinuka.

"Toka lini?" Christella aliuliza.

"Kuku?"

"Mtambo kutofanya kazi."

"Toka Pasaka. Groupe yangu, ile jenereta, iliungua. Waamini wanasema watachanga, hawachangi." Orly alimnyooshea kuku kidole. "Huyu ndiyo peke yake anafaidika."

Christella alipitisha mkono chini ya kuku, kwa upole, akagusa chuma. Kilikuwa baridi. Mayai yalikuwa sita na ya moto.

"Jumapili tu niko nahubiri, kwa mudomo," Orly alisema. "Hiyo nayo iko na kibali?"

"Hiyo ni yako bure," Christella alisema, akalirudisha pazia.

Nje, Patou alitema mate pembeni. "Basi mistari yako inadanganya."

"Mistari haidanganyi." Christella aliinua macho kufuata kilima. Juu kabisa, moja kwa moja nyuma ya paa la kanisa, ulisimama mnara wa Redio Kengele, mwembamba na wenye kutu, na mawingu yalikuwa yakipita karibu na ncha yake. Alihesabu antena zilizofungwa juu yake. Akahesabu tena.

*

Papa Médard aliendesha Redio Kengele kwa mikono yake mwenyewe tangu parokia ilipoianzisha. Alikuwa mzee mrefu aliyevaa koti la ufundi lenye bisibisi mfukoni, na alileta viti kabla hajaulizwa chochote.

"Papa Médard, mnara huu una antena ngapi?"

"Mbili."

"Kibali chako kinasema moja."

"Moja ni yangu. Ingine ni ya mugeni."

Mgeni alitoka kwenye chumba cha pili cha nyumba ileile. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, amejifunga kitenge, vipokea sauti vikiwa shingoni. Christella alikuwa ameisikia sauti yake kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka lakini hakuwahi kuona uso wake.

"Mama Joséphine wa Redio Tuonane," Médard alisema.

Joséphine hakungoja kuombwa. Alileta kibali chake ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi. Muhuri ulikuwa halali. Masafa: 105,2. Nguvu: wati mia moja. Mahali: kilima cha Zabu, kando ya ziwa.

"Hapa si Zabu," Christella alisema.

"Zabu haiko na mutu tena. Watu wa silaha walifika asubuyi, siye tukatoka. Mutambo tuliufunga ndani ya kitenge, tukausukuma na kinga siku ine." Alimaanisha baiskeli. "Papa Médard akasema, pandisha antena yako kwangu, nafasi iko."

"Lakini serikali hutoa masafa kwa mahali, mama. Haitoi kwa mtu. Walipokupa 105,2 walihesabu kilima chako kiko wapi na jirani yako yuko umbali gani."

Joséphine alilaza kibali mezani, akakinyoosha kwa viganja.

"Mahali palikimbia pamoja na siye," alisema.

Chini yao mji wote ulionekana, mabati na udongo mwekundu, na mbali kule uwanja wa ndege, mstari mmoja mweusi kama uzi.

Christella alimpigia Katsuva simu. Katsuva alisema hakuna ndege mpaka saa saba. Mashine ndogo ya mkononi iliwekwa mezani, imefunguliwa kwenye 118,4. Mitambo yote miwili ilikuwa hewani. Kioo kilionyesha mstari ulionyooka. Hapakuwa na kitu.

"Ni miye," Médard alisema ghafla. "Niandike miye. Niligusa antena yangu vibaya."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Sauti ilianza juzi."

"Basi ni juzi."

"Papa," Christella alisema, "mtambo unaujua vizuri sana. Kudanganya haujui."

Patou alicheka peke yake karibu na mlango. Christella alifungua rekodi ya asubuhi. Kila siku alipima saa moja na nusu, na saa moja na nusu kila kilima kilikuwa sawasawa. Safari hii alitazama saa za baadaye. Saa mbili kasoro dakika moja, kilima cha 105,2 kilikuwa na urefu wa kidole. Saa mbili kamili kilikuwa na urefu wa mkono mzima. Saa mbili na nusu kilirudi kuwa kidole.

Alisimama, akaingia chumba cha pili. Palikuwa na meza, kipaza sauti, daftari la majina. Waya mnene ulitoka nyuma ya mtambo, lakini badala ya kupanda kwenda kwenye antena uliteremka chini ya meza na kuingia nyuma ya kitambaa. Alikiinua. Lilikuwa sanduku jeusi lisilo na jina la kiwanda, na juu yake karatasi ya bei kutoka duka la Arua.

"Hiki ni nini, mama?"

"Ampli. Inaongeza nguvu ya mutambo."

"Inatoa wati ngapi?"

"Mwenye duka alisema mia tano." Joséphine alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono. "Iliingia na lori ya Mahagi, siku ya Mungu, hii Jumapili."

"Iwashe."

Joséphine alimtazama Médard. Médard alitikisa kichwa kuonyesha kwamba hakujua, na safari hii ilikuwa kweli. Joséphine aliinama, akabonyeza.

Kwenye mashine iliyokuwa mezani, katikati ya ukanda wa ndege, kilima kiliota. Kwaya ya Kengele ilisikika ndani yake, na nyuma ya kwaya mvumo wa chumba kile chenye kipaza kilichoachwa wazi. Patou alipojongea aliisikia pumzi yake mwenyewe ikitoka mahali ambapo ni marubani tu huzungumza. Alivua kofia.

"Papa Médard, zima ya kwako."

Médard alizima. Ampli ya Joséphine iliendelea kuunguruma chini ya meza, lakini kilima kilitoweka.

"Washa. Mama, zima ya kwako."

Kilima kilirudi, kisha kikatoweka tena.

"Basi mwenye kosa ni nani?" Patou aliuliza kwa sauti ileile aliyotumia mbele ya karatasi ya ukutani.

Christella aliokota chaki iliyokuwa dirishani, akaandika ukutani, kwa kuwa hapakuwa na ubao. 105,2 mara mbili ni 210,4. Akatoa 92,0. Zilibaki 118,4.

"Antena zimekaribiana kama watu wa kitanda kimoja," alisema. "Sauti ya Kengele inashuka kupitia waya wa Tuonane mpaka ndani ya ampli. Ampli ni duni, haina chujio. Inazichanganya, kisha inatupa nje sauti ya tatu. Sauti hiyo haikutangazwa na mtu. Haina mtambo, haina kibali. Lakini inakaa pale hasa hesabu inapoipeleka, si pembeni hata kidogo, na rubani aliye juu ya ziwa anaisikia."

Médard aliigusa namba ya mwisho kwa kidole, taratibu, kama mtu anayehofia kuifuta. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameishi na mawimbi ndani ya nyumba hii.

"Kumbe zilizaa," Patou alisema.

*

Christella aliandika maelezo yao kwenye fomu, mstari kwa mstari, na kila mmoja alisaini. Kisha akatoa uzi na lakiri.

"Ampli ninaifunga, mama. Kuhusu kibali nitaandika Kinshasa kwamba mahali pamehama, waamue. Lakini nataka kuandika sababu. Kwa nini wati mia tano?"

"Ili watu wa Irumu wasikie. Na mia moja haifiki, kilima kinakata."

"Watu gani wa Irumu?"

"Watu."

"Majina yakiisha, unaacha kipaza wazi sekunde kumi na moja. Leo nimezihesabu. Za jana na juzi zimo kwenye rekodi ya mnara wa kiwanja, Katsuva amenisomea. Kumi, kumi na mbili. Halafu ndipo unazima. Unafanya nini hapo?"

"Niko napumua."

Christella aliliangalia daftari la majina. Kurasa zilikuwa zimechorwa mistari kwa rula. Jina la aliyepotea, jina la anayemtafuta, mahali. Waliopatikana walikuwa na duara la kalamu nyekundu, na maduara yalikuwa mengi. Ukurasa wa kwanza kabisa, mstari wa kwanza, ulikuwa umeachwa mtupu.

Hakuuliza. Alifunga lakiri, akabonyeza muhuri, akageukia kibali cha Redio Kengele kilichotundikwa ukutani. Alikisoma chote, hata maandishi madogo ya chini.

"Papa Médard, weye uko na wati mia tano. Za halali."

"Ndiyo. Irumu wananisikia vizuri sana, wananiandikia kuomba nyimbo."

"Mlango wa chumba chako na wa mama una umbali gani?"

"Hatua tano."

"Basi kwa nini hajawahi kusoma majina kwenye kipaza chako?"

Médard aligeukia mlango. Alimtazama Joséphine. Joséphine alitazama sakafu.

"Mutu amekupa mnara, amekupa chumba, amekupa umeme," alisema. "Mugeni haombake tena kitanda ya mwenye nyumba."

"Mwaka na miezi ine," Médard alisema. "Na miye nilikuwa nasema, nikimupa kipaza yangu, ataona namunyanganya redio yake. Ilibaki naye ile tu."

"Kwa hiyo mmeheshimiana mpaka ndege imegeuka," Patou alisema.

Joséphine aliziba mdomo kwa kitenge. Mabega yake yalitikisika, na ilichukua muda kujua kwamba alikuwa anacheka.

*

Alhamisi, saa mbili kamili, Redio Tuonane ilizima mtambo wake. Christella alikuwa ofisini mbele ya mashine. Yai lilikuwa kwenye sahani, halijaguswa, na Patou alikuwa amesimama nyuma ya kiti na kofia mkononi. Simu ya Katsuva ilikuwa wazi mezani.

Kwenye 105,2 palikuwa bonde. Kwenye 92,0 kilisimama kilima kirefu, na ndani yake Joséphine alikuwa akisoma majina kutoka chumba cha Médard. Wa Komanda. Wa Mahagi. Watoto wawili wa mtu mmoja, walioonekana mara ya mwisho sokoni.

Christella aliitupia jicho 118,4. Mstari ulikuwa umenyooka.

Saa mbili na dakika kumi na tatu, sauti ya mwanamume ilitoka juu ya mawingu, kavu na safi, kana kwamba yuko chumba cha jirani. Alitaja namba ya ndege yake na urefu aliopo. Katsuva akamjibu. Rubani akarudia alichojibiwa, neno kwa neno. Kisha pakawa kimya.

"Umesikia ile kimya?" Katsuva aliuliza kwenye simu, polepole.

"Nimesikia."

Dakika chache baadaye madirisha ya ofisi yalitetemeka. Patou alitoka uani kutazama. Ndege nyeupe ilipita juu ya mabati, miguu ikiwa nje, ikashuka nyuma ya miti. Watu barabarani waliendelea kununua mikate. Hakuna aliyejua ni nini kilichokuwa kimeondolewa njiani.

Saa mbili na dakika ishirini na tisa, Joséphine alisoma jina la mwisho. Christella aliongeza sauti ya 92,0 na kutazama mkono wa saa. Tatu. Nne. Karatasi ilisikika ikifunuliwa, kurasa nyingi kwa pamoja, kurudi nyuma mpaka mwanzo wa daftari. Saba. Nane. Patou aliingia, akasimama. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

Hakuzima.

"Vanessa," sauti ilisema. "Ni mama. Siku ile ya lori ya Irumu nilikuambia panda, miye nakuja na lori ya nyuma. Lori ya nyuma haikuwako. Nilijua. Nilikudanganya juu ulikuwa unanishika mukono, unakataa kupanda. Usiningojee tena kwa barabara. Niko Bunia, nyuma ya Mudzipela, kwa Papa Médard. Unisamehe. Kuja."